Ngoma ya Alfajiri: Askari Waliouawa kwa Woga na Tamthilia ya Muziki

Tamthilia ya muziki, yaani sanaa ya jukwaani ambayo kisa chake huimbwa, hupigiwa ala na kuigizwa kwa wakati mmoja, imekuwa ikimrudia askari aliyehukumiwa kifo na jeshi lake mwenyewe kwa zaidi ya miaka 250. Askari aliyeuawa na adui ana nyimbo zake na minara yake, na hahitaji sana kutetewa. Anayezungumziwa hapa ni yule aliyefungwa kwenye nguzo kabla jua halijachomoza, akapigwa risasi na watu aliokula nao sahani moja. Makosa yaliyomfikisha hapo yalikuwa hasa mawili. Utoro, kwa lugha ya sheria za kijeshi, si kuchelewa kurudi kutoka likizo wala kupotea njia, bali ni kuondoka kikosini kwa nia ya kutorudi tena, au kwa nia ya kukwepa kazi fulani ya hatari. Na woga ni mwenendo mbele ya adui unaoonesha kwamba hofu imeushinda wajibu. Kosa la kwanza laweza kuthibitishwa kwa kuhesabu siku na maili, lakini la pili limo kifuani mwa mtu, na mahakama iliyotaka kulithibitisha ililazimika kuusoma uso wake, mikono yake na namna alivyotembea.

Idadi ya waliouawa si kubwa ikilinganishwa na mamilioni waliokufa vitani, na pengine ndiyo sababu kila jina limedumu katika kumbukumbu za watu. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mahakama za kijeshi za Uingereza zilitoa hukumu za kifo zipatazo 3,000, na katika kila kumi takriban tisa zikabadilishwa kuwa kifungo au adhabu nyingine. Hata hivyo watu 346 waliuawa, wakiwemo 266 kwa utoro na 18 kwa woga. Ufaransa iliwaua zaidi ya askari 600 wake kwa makosa ya kukaidi nidhamu, ilhali Ujerumani, ambayo wengi huidhania kuwa ndiyo iliyokuwa kali kuliko zote, iliwaua 48 katika vita hiyohiyo. Australia haikumwua hata mmoja, kwa kuwa sheria yake ya ulinzi ya mwaka 1903 ilitaka hukumu ya namna hiyo ithibitishwe kwanza na Gavana Mkuu, na uthibitisho huo haukutolewa.

Linalowavutia watunzi, hata hivyo, si hesabu hizo bali ni jinsi mauaji yenyewe yalivyopangwa, kwa maana yalipangwa kama onyesho. Aliyehukumiwa aliletwa uwanjani, akafungwa kwenye nguzo au kwenye kiti, akazibwa macho kwa kitambaa, na kipande cha karatasi au nguo nyeupe kikabandikwa mahali palipo moyo ili wafyatuaji wapate shabaha. Kikosi cha watu sita hadi kumi na wawili, ambao mara nyingi walitoka katika batalioni yake, kilipewa bunduki zilizokwisha kujazwa na mtu mwingine, moja kati yake ikiwa na baruti tupu bila kichwa cha risasi, ili kila mmoja apate nafasi ya kujiambia kwamba si yeye aliyeua. Lakini mzoefu wa bunduki hakudanganyika, kwani alilijua teke la kitako begani mwake. Wafaransa waliongeza gwaride: kikosi kizima kilipangwa mraba ili kitazame, ngoma na baragumu zikapigwa, na baada ya milio ya risasi askari wakaamriwa kupita mbele ya maiti kwa mwendo wa kijeshi. Neno lililotumika huko Ufaransa lilikuwa kuua kwa ajili ya mfano, na mfano hauna maana pasipo watazamaji. Palikuwepo jukwaa, mavazi, muziki na hadhira iliyokatazwa kutoa sauti. Mtunzi wa tamthilia ya muziki akija baadaye huvikuta vifaa vyote vipo, na kazi yake ni kuamua tu avielekeze upande gani.

Kesi ya Harry Farr, askari wa kawaida wa kikosi cha West Yorkshire, inaonesha ni kitu gani kilichokosekana katika onyesho hilo la jeshi. Mwaka 1915 Farr alilazwa hospitalini kwa miezi mitano kwa sababu ya kile kilichoanza kuitwa mshtuko wa mizinga, yaani kuvurugika kwa akili na mwili wa mtu aliyekaa muda mrefu chini ya makombora. Kisha akarudishwa mstari wa mbele. Septemba 1916, wakati wa mapigano ya Somme, alikataa kusonga mbele akisema kwamba hawezi. Mahakama iliyomhukumu ilikaa kwa takriban dakika 20, hakuwa na wa kumtetea, na daktari aliyewahi kumtibu hakuwepo kwa kuwa alikuwa amejeruhiwa. Aliuawa huko Carnoy tarehe 18 Oktoba, akiwa na umri wa miaka 25, na inasimuliwa kwamba alikikataa kitambaa cha macho. Katika dakika hizo 20 mtu aliyekuwa akitetemeka alitakiwa aeleze kwa maneno, tena maneno yaliyonyooka, jambo ambalo lilikuwa limemwondolea uwezo wa kunyoosha maneno. Muziki una uwezo wa kukaa katika kimya hicho kwa muda mrefu kuliko mahakama yoyote.

Kazi ya kwanza kubwa ya aina hii, hata hivyo, haikutaka kukaa humo. Mwaka 1769 mtunzi Pierre-Alexandre Monsigny na mwandishi Michel-Jean Sedaine walileta jijini Paris Le Déserteur, yaani Mtoro, katika mtindo uliochanganya nyimbo na mazungumzo ya kawaida. Alexis, askari aliye likizoni, anafanyiwa mzaha mbaya kwa kuaminishwa kwamba mchumba wake Louise ameolewa na mwingine. Kwa uchungu analikimbia jeshi, anakamatwa, na anahukumiwa kifo. Sehemu kubwa ya kisa hicho hupita gerezani, ambako Alexis anamwandikia Louise barua ya kuagana, huku kando yake askari mlevi aitwaye Montauciel akijifunza kusoma na kukorofisha herufi hadi tusi alilotegewa linageuka kuwa upuuzi mtupu. Kisha Montauciel na jamaa mmoja zuzu wanaimba nyimbo mbili tofauti, kila mmoja wake, na hatimaye nyimbo hizo zinaimbwa kwa pamoja zikaoana, wakati mtu anayesubiri kufa yumo jengo lilelile. Mchanganyiko huo wa kicheko na kaburi uliwashangaza watu wa zama hizo, na mpaka leo ndio unaoifanya kazi hiyo isizeeke. Mwisho wake ni mwepesi zaidi: Louise anakwenda kwa mfalme, anapata msamaha, anazimia, na Alexis anaokolewa katika dakika ya mwisho kwa shangwe ya kumtukuza mfalme.

Mwaka uliofuata Louis-Sébastien Mercier alichapisha tamthilia isiyo ya muziki yenye jina hilohilo, ambamo ofisa anayebeba wajibu wa kumsindikiza mtoro kwenye kifo ni baba yake mzazi, na hapo hapakuwa na mfalme wa kuja mbio. Baadaye mwisho wake ukabadilishwa ili watazamaji warudi nyumbani salama. Desemba 1775 serikali ya Ufaransa iliilegeza adhabu ya utoro, kifo kikabadilishwa na kazi ngumu ya minyororo. Si rahisi kusema kwamba jukwaa ndilo lililoibadilisha sheria, lakini ni wazi kwamba suala hilo lilikuwa limekwisha kutoka kambini na kuingia katika mazungumzo ya watu wa kawaida, na lilifika huko likiwa limebebwa na nyimbo.

Msamaha wa dakika ya mwisho ulirudi baada ya karibu karne mbili, safari hii ukiwa na uchungu ndani yake. Mjerumani Heinrich von Kleist aliandika tamthilia kuhusu mwanamfalme wa Homburg, ofisa wa wapandafarasi ambaye katika mapigano ya Fehrbellin ya mwaka 1675 anashambulia kabla ya kupewa amri, anashinda, na kwa ushindi huohuo anahukumiwa kifo kwa kukaidi amri. Kosa lake si woga. Woga unakuja baadaye. Akipita usiku kwenda kuomba huruma, anaona kwa mwanga wa mienge kaburi lililokwisha kuchimbwa kwa ajili yake, na yule shujaa wa jana anaanguka magotini mbele ya mke wa mtawala, akiomba aachiwe uhai tu, hata kama atanyang'anywa cheo, heshima na mchumba. Watu wa tabaka la kijeshi la Prussia hawakuweza kuvumilia kuona ofisa akiogopa kufa mbele ya macho yao, na tamthilia hiyo haikuoneshwa hadi mwaka 1821, miaka 10 baada ya kifo cha mwandishi wake.

Mtunzi Hans Werner Henze aliigeuza kuwa opera, yaani tamthilia inayoimbwa karibu yote ikisindikizwa na okestra, na ikaoneshwa kwa mara ya kwanza Hamburg mwezi Mei mwaka 1960, maneno yake yakiwa yameandaliwa na mshairi Ingeborg Bachmann. Henze aliijua sare ya jeshi kwa ngozi yake mwenyewe, kwani alichukuliwa jeshini mwaka 1944 akiwa kijana, na mwaka 1953 aliihama Ujerumani akaenda kuishi Italia. Katika mikono ya watu hawa wawili majivuno ya Prussia yanapungua, na onyesho la kaburi linakuwa ndilo kitovu. Mtawala anampa mfungwa barua yenye mtego: ikiwa anaona hukumu si ya haki, basi yuko huru. Kijana anajishauri, anaona kwamba hukumu ni ya haki, anakubali kufa, na hapo ndipo anapozibwa macho na kuongozwa bustanini huku ngoma za msiba zikisikika kwa mbali. Kitambaa kinapovuliwa anakuta taji badala ya risasi, naye anauliza kama hiyo ni ndoto. Mtazamaji makini ana haki ya kukasirika hapa, kwa maana msamaha huu unamfikia aliyekwisha kukubali kuuawa, na mtu ambaye angeendelea kulia asingeupata.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza watunzi wengi waliona kwamba huzuni ya moja kwa moja haitoshi, wakaichukua njia ya kejeli. Johnny Johnson, kazi ya Kurt Weill na mwandishi Paul Green iliyooneshwa New York mwaka 1936, inamfuata askari mpole anayewapulizia majenerali hewa ya kuchekesha ili waisimamishe vita, na ambaye malipo yake ni kufungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Badala ya nguzo ya mauaji panakuwa na cheti cha daktari, na kuna vita ambamo hiyo ndiyo iliyokuwa tofauti pekee kati ya askari wawili waliotetemeka namna moja. Mwaka 1963 kundi la Joan Littlewood, katika ukumbi wa Stratford East jijini London, lilitoa Oh What a Lovely War, ambamo waigizaji waliovaa mavazi meupe mapana ya wachekeshaji waliimba nyimbo za askari wenyewe, huku ubao wa taa juu yao ukipitisha idadi ya waliokufa katika kila mapigano. Sauti inacheka, na ubao unahesabu. Kwa upande wa sinema ipo Paths of Glory ya Stanley Kubrick ya mwaka 1957, iliyotokana na riwaya iliyochochewa na kisa cha makoplo wanne waliouawa karibu na Souain nchini Ufaransa Machi 1915, ambao mahakama maalumu iliwasafisha majina mwaka 1934. Si kazi ya jukwaani, lakini asiyeamini nguvu ya ngoma ndogo ya kijeshi aitazame filamu hiyo pale wafungwa wanapotembezwa kuelekea kwenye nguzo, ngoma ikirindima bila kupumzika mpaka mtazamaji anatamani ikome, kisha inapokoma anatamani isingekoma. Ufaransa haikuiona kumbini hadi mwaka 1975.

Katika miaka ya karibuni mkazo umehamia kwenye huruma, na hilo lina historia yake ya kisheria. New Zealand iliwasamehe askari wake watano mwaka 2000. Mwaka 2001 bustani ya kumbukumbu ya taifa huko Staffordshire, Uingereza, ikapata sanamu ya kijana aliyezibwa macho, iliyochongwa kwa kumkumbuka Herbert Burden aliyeuawa akiwa na miaka 17. Na mwaka 2006, baada ya familia ya Farr kuifikisha serikali mahakamani, Bunge la Uingereza likawasamehe askari 306 kwa pamoja. Sheria hiyo ina kifungu cha ajabu kidogo, kwani inasema kwamba kifo hakikuwa jambo walilostahili, na papo hapo inasema kwamba hukumu zao hazifutwi. Sanaa ya kipindi hiki imefuata sehemu ya kwanza ya kifungu na kuikwepa ya pili. Private Peaceful, riwaya ya Michael Morpurgo ya mwaka 2003 ambayo imekwenda jukwaani mara nyingi na pia katika maonyesho ya kusoma na kuimba pamoja na waimbaji Coope Boyes na Simpson, inamfanya Charlie auawe kwa sababu amekataa kumwacha ndugu yake aliyejeruhiwa. Ni kisa kinachotoa machozi kwa haki, lakini Charlie si mwoga hata kidogo. Ni jasiri aliyesingiziwa, na mtazamaji anaondoka bila kuulizwa afanye nini na yule aliyeogopa kwelikweli.

Na walikuwepo walioogopa kwelikweli. Mmarekani Eddie Slovik, aliyeuawa Sainte-Marie-aux-Mines nchini Ufaransa tarehe 31 Januari 1945, aliandika kwa mkono wake kwamba alikimbia na kwamba akirudishwa mbele atakimbia tena. Hakuwa amechanganyikiwa, hakuwa ameokoa mtu, alikuwa hataki kufa. Ndiye Mmarekani pekee aliyeuawa kwa utoro tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo katika karne ya 19, ingawa maelfu walitoroka. Kwa mtunzi wa muziki mtu wa namna hii ni mgumu, kwa kuwa hana wimbo wa ushujaa wa kufichwa chini ya wimbo wa aibu, na kumwimbia ni kukiri kwamba hofu yenyewe, bila sababu nyingine, inastahili sauti.

Afrika Mashariki imo katika historia hii kwa njia yake. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa kutoka Taveta hadi Ruvuma na kuvuka hadi Msumbiji, jeshi la Uingereza liliwachukua wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja, na jina la kikosi chao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wengi zaidi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na kutoroka kulikuwa jambo la kila siku. Katika miaka hiyo ngoma ya beni, iliyokwisha kuanza pwani, ilienea bara pamoja na askari na wapagazi, ikiwa na tarumbeta, vyeo vya kubuni na gwaride la kuigiza, Marini wakishindana na Arinoti. Beni haikuwa tamthilia ya waliouawa, lakini ilifanya jambo ambalo opera za Ulaya zililifanya kumbini: iliuchukua muziki wa amri ikauchezesha kwa raha ya wachezaji. Mwaka 2018 msanii wa Afrika Kusini William Kentridge, pamoja na watunzi Philip Miller na Thuthuka Sibisi, alionesha katika jumba la Tate Modern jijini London kazi iitwayo The Head & the Load, inayohusu Waafrika katika vita hiyo. Kwenye jukwaa refu kupita kawaida, waimbaji na wacheza ngoma wanapita wamebeba mizigo, na vivuli vyao vinapanda ukutani vikiwa vikubwa kuliko wao, kama gwaride la watu ambao hakuna aliyepanga mraba ili awatazame.

Kazi iliyofika mbali zaidi katika kuupa ububu sauti bado ni Billy Budd ya Benjamin Britten, iliyooneshwa Covent Garden Desemba 1951, ingawa mshtakiwa wake si mtoro wala mwoga. Britten alikuwa amekataa kushika silaha kwa sababu za dhamiri, na alikichagua kisa cha Herman Melville kinachotokea mwaka 1797, katika meli ya kivita ya Uingereza inayoishi kwa hofu ya maasi. Billy, baharia kijana aliyechukuliwa kwa nguvu, anasingiziwa uasi na msimamizi wa nidhamu. Anapotakiwa ajibu, kigugumizi kinamkaba, na okestra inakitoa kigugumizi hicho kwa mtetemo wa tarumbeta iliyozibwa mdomo na mgongano wa kibao cha mti. Neno linakataa kutoka, ngumi inatoka, na mshtaki anakufa. Mahakama ya haraka inakaa melini, sheria iko wazi, na Kapteni Vere, ambaye anajua kwamba kijana hana hatia moyoni, anaingia chumbani kumpa habari ya kifo chake. Mazungumzo hayo hayasikiki. Jukwaa linabaki tupu, mlango umefungwa, na okestra inapiga kordi 34, yaani mafungu 34 ya sauti zinazopigwa kwa pamoja, polepole, moja baada ya nyingine, kila moja kwa rangi yake, wakati mwingine shaba peke yake, wakati mwingine nyuzi peke yake, bila wimbo wa kuzishika pamoja. Kila msikilizaji huyaweka humo maneno yake.

Alfajiri mabaharia wote wanaitwa sitahani, kwa kuwa na hapa sheria inataka watazamaji. Billy ananyongwa, nao wanatazama juu. Kisha kutoka katika koo za wanaume hao, na opera hii haina sauti hata moja ya kike, inaanza kupanda ngurumo isiyo na maneno, ya chini kwanza, halafu inasambaa kutoka kundi hadi kundi, inavimba, mpaka maofisa wanashtuka na kuamuru wote washuke chini. Amri inarudiwa. Mazoea yanaishinda ngurumo, sauti zinatii moja moja, na mabaharia wanateremka kurudi kazini.